Kipande Wasichokitaka Ndugu Wawili

Kabla ya kazi ya ramani, Edda Tluway hakujulikana kwa hasira. Alizaliwa Dareda, akasomea kilimo, akapangiwa kuwa bibi shamba wa mitaa ya pembezoni mwa mji wa Babati. Wakulima walimjua kama dada mpole, anayekubali kukaa na kula hata akiwa ameshiba. Ndipo ukaja mradi wa kupima udongo.

Mradi ulitaka ramani inayoonyesha mashamba yenye tindikali, yaani udongo uliochacha, na mashamba yaliyoingiliwa na chumvi. Kompyuta ilipanga vituo kwa umbali sawa. Edda alitakiwa kufika kwenye kila kituo, kuomba ruhusa ya mwenye shamba, kuchimba, kutia udongo mfukoni na kuondoka. Walioipanga kazi hiyo waliiona nyepesi.

Wakazi wa mtaa wa Maisaka walidhani anapima barabara, wakataka kujua fidia inatoka lini. Mtaa wa Bagara, mzee mmoja alimwekea udongo tayari kwenye kiroba ili asihangaike. Edda alipomuuliza ameuchota wapi, alijibu kwa fahari kwamba ni chini ya banda la kuku, penye rutuba kuliko pote. Kila alipokwenda alieleza kwamba tindikali ni kitu kimoja na chumvi ni kitu kingine, na kwamba dawa zake hazifanani. Watu waliitikia kwa kichwa, kisha wakauliza kama chumvi ndiyo huleta uchachu. Jioni mumewe alipomuuliza kazi imekwendaje, alikuwa akijibu, "Tule kwanza."

Lakini hayo yote yalikuwa madogo mbele ya yale ya Singe.

Kituo cha Singe kiliangukia bondeni, kati ya shamba la Marseli na la mdogo wake Aniceti. Huku na huku mahindi yalikuwa yamebeba vizuri. Katikati palikuwa na kipande kitupu, cheupe kama mtu amemwaga unga, na ng'ombe wawili walikuwa wakikilamba.

"Shikamoo, baba," Edda alimsalimu Marseli.

"Marahaba, bibi shamba. Karibu."

"Naomba ruhusa nichimbe kidogo hapa."

"Hapo ni kwa Aniceti. Kamuulize yeye."

Aniceti alikuwa akivuna maharage upande wa pili. Alinyoosha mgongo akakitazama kile kipande kama mtu anayekiona kwa mara ya kwanza. "Mzee alipotugawia, mimi niliishia kwenye ule mti wa mnyaa," alisema. "Hapo ni kwa kaka."

Edda akarudi kwa Marseli. Marseli akasema yeye aliishia kwenye jiwe. Baina ya jiwe na mnyaa ndipo kilipokuwa kipande chenyewe, kwa hiyo hakikuwa cha mtu. Edda alijua wanachokiogopa. Walidhani shamba likiandikwa bovu kwenye ramani ya serikali, hakuna atakayelitaka tena. Aliwaeleza kwamba ramani haiandiki majina. Wakamsikiliza kwa heshima, na kila mmoja akaendelea kumwelekeza kwa mwenzake. Bila ruhusa hakuweza kuchimba. Alifunga vifaa vyake kwenye pikipiki akaondoka bila kuaga vizuri.

Aliporudi wiki iliyofuata alikuta mnyaa umekatwa na jiwe limesogezwa. Jovita, mke wa Aniceti, alikuwa ameinama katikati ya ule weupe akipanda marando ya viazi.

"Mama, viazi havitaota hapa," Edda alimwambia.

"Najua. Sipandi ili viote."

Uvumi ulikuwa umeenea mjini kwamba kila mwenye udongo mbovu atagawiwa bure mifuko ya chokaa, dawa ya tindikali. Sasa Marseli alikuwa akiapa kwamba baba yao alimwachia yeye bonde lote, na Aniceti alikuwa akiapa kwamba amelima pale tangu ujana wake. Edda aliwaambia hakuna chokaa ya bure, mradi unachora ramani tu. Hawakumsikia. Walikuwa wameshamwita mwenyekiti wa mtaa, mzee Modesti, naye alikuwa njiani.

Mzee Modesti alifika, akaletewa kigoda, akaomba aelezwe tangu mwanzo. Marseli akaanza na babu yao aliposhuka kutoka Mbulu. Edda alisimama juani. Alipojaribu kusema neno, mwenyekiti alimwinulia mkono. "Subiri kidogo, mwanangu. Tunatafuta haki hapa."

Katika simulizi hiyo babu alikuwa bado hajafika Babati, Edda alipochukua kekee yake ya udongo, chuma kirefu cha kuzungusha kwa mikono, akaisimika katikati ya kipande.

"Mbona anachimba na hatujamaliza?" Aniceti aliuliza.

Edda aligeuka. Sauti yake ilitoka kavu kuliko alivyokusudia. "Anayesema nisichimbe aseme sasa, nitaacha. Niandike Singe wamekataa kupimwa, nijiendee zangu. Nani anasema?"

Hakuna aliyesema. Anayekataa angeikosa chokaa, hata kama haipo. Edda akazungusha. Alijisikia vibaya kuwajibu wakubwa namna ile, na masikio yalimwaka, lakini hakusimama mpaka mfuko ulipojaa. Kisha akafukia shimo kwa mguu, akawaaga, akawaacha na babu yao.

Majibu ya maabara yalipotoka aliyapeleka mwenyewe. Mashamba yote mawili, sehemu za juu, yalikuwa na tindikali kidogo. Kile kipande kilikuwa na magadi, aina ya chumvi. Aliwaeleza kwamba chokaa haitakisaidia. Kinahitaji mtaro wa kutoa maji, samadi nyingi, na jasi, madini ya kuondoa magadi, kama wataweza kuipata.

"Na chokaa yetu?" Marseli aliuliza.

"Baba, hakuna chokaa. Nilisema siku ile."

"Hukusema."

"Alisema," Jovita alidakia. "Mimi nilimsikia."

Aniceti alikuna kidevu. "Basi kama ni hivyo," alisema, "hapa ni kwa kaka."

Edda aliigeuza ndoo yake kifudifudi akaikalia. Jovita ndiye aliyesema kwamba weupe ule ulikuwa ukisogea kila mwaka, na mistari miwili ya maharage yake ilikuwa imeungua majani. Akauliza mtaro uelekezwe wapi. Edda alimwonyesha. Jovita alikwenda kuchukua jembe akaanza peke yake, na shemeji yake Marseli alipoona mtaro unakuja upande wake, naye akaja na jembe, kwanza kuuzuia, kisha, baada ya maneno mengi, kuuchimba.

Ramani ilitoka mwaka uliofuata, ikabandikwa ukutani ofisini. Edda alikitafuta kile kipande hakukiona. Bonde lote la Singe lilikuwa na rangi moja. Mchoraji alimweleza kwamba eneo dogo namna ile haliwezi kuonekana kwenye karatasi. Edda aliweka mkoba begani, akaenda kunywa chai.

Bondeni, pembeni mwa mtaro, nyasi zilikuwa zimeanza kuota, za kumtosha ndama. Asubuhi moja Marseli alimpigia simu. Alitaka aje athibitishe nyasi zile ni za nani, maana Aniceti amemfunga ndama wake pale bila kuuliza.

"Baba, mimi ni bibi shamba. Sipimi mipaka."

"Najua, mwanangu. Lakini wewe unapafahamu."

Edda alikata simu, akaitia mfukoni, akamaliza kufua. Mchana aliwasha pikipiki akaenda.