Firigisi ya Wageni wa Posa

Niseme ukweli, haraka yangu imeniaibisha kijijini Kinole. Rafiki yangu Joseph alitaka tupande milima taratibu na pikipiki zetu, tukalale kwao. Mimi nikamwacha nyuma kabla hajamaliza kunielekeza.

Nilipofika, nikapiga hodi nyumba ya kwanza. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umetangulia? Wenzako wako wapi?"

"Wanakuja."

Hakuniuliza jina, maana mgeni anakula kwanza. Akaniletea kuku, firigisi juu. Nikala nikijiona mtu wa maana.

Mara wazee watatu wakaingia na suti zao. "Tumeleta posa ya binti yenu."

Baba mwenye nyumba akanigeukia. "Sasa wewe kijana ni wa nani?"

Firigisi ilikuwa bado mdomoni. Joseph akachungulia mlangoni.

"Kaka, kwetu ni nyumba ile ya juu."