Amerika Yangu Ilikuwa na Baridi Moja

Miaka yote hii nimeuza manto, yale makoti mazito ya baridi, katika joto la Bujumbura. Cheka tu, nimezoea. Manto huja ndani ya balo za nguo za chagua, yaani mitumba, na wauzaji wenzangu hawazitaki kwa sababu zinajaza meza na hazitoki. Mimi nilizichukua kwa bei ya kutupa, maana wateja wake nilikuwa nawajua: watu wa milimani, wa Bugarama na Mwaro, na sisi wakimbizi wa Kongo, siku jina la mtu linapotoka kwenye orodha ya kuruka kwenda Amerika. Mwenye kuruka lazima apite mezani kwangu. Nilikuwa na maneno yangu ya kumshika nayo: "Amerika bila manto, utarudi ndani ya sanduku." Hakuna aliyebisha.

Lilipotoka jina la binti yangu wa pekee, lilitoka pamoja na la mume wake. Faili langu la ukimbizi lilikuwa la peke yake, na hadi leo liko hukohuko liliko. Nilimwekea manto iliyoshinda zote, nyeusi, ya kufika magotini, nikaibadilisha bitana kwa mkono wangu. Uwanja wa ndege aliibeba begani huku jasho linamtiririka, anacheka na kulia kwa wakati mmoja. Mimi nililia nilipofika nyumbani, mtaani Carama, ambako hakuna wa kuniona.

Nyumba ya vyumba viwili ikawa kubwa ghafla. Nilikuwa napika ugali wa watu wawili, nakula wa mtu mmoja, unaobaki nawapa kuku wa jirani. Upweke ulinila, nasema kweli. Nilifikia hatua ya kugombana na redio: msomaji habari akisema neno, mimi namjibu.

Kilichonishikilia ni Jumapili. Baada ya ibada, wamama wanne watano wa kikundi chetu cha maombi walikuwa wakija kukaa uani kwangu, na saa kumi na moja jioni binti yangu alikuwa akipiga kwa vidio. Simu ilizunguka mkono kwa mkono. Mmoja wa wamama hao alikuwa na kijana wake Amerika pia, na huyo mama, Mungu anisamehe, alikuwa na ulimi wa kuchokonoa. Yeye naye alikuwa akileta picha za mtoto wake kila wiki, tukazitazama tukitaka tusitake.

Mwezi wa Januari, Jumapili moja, alitufungulia vidio iliyotumwa siku ileile. Kijana wake anachota barafu kwa koleo ili apate kufungua mlango wa gari. Kofia mpaka kwenye nyusi, ndevu zimekuwa nyeupe. "Huyu ndiye mutu yuko Amerika," akasema, na wamama wakapiga makofi.

Hapo hapo simu yangu ikaita. Binti yangu. Amevaa blauzi ya mikono wazi, amekaa karibu na dirisha, na nje kuna jua na mti wenye majani mabichi.

Yule mama akainama juu ya bega langu. "Ala! Hii ndiyo Amerika? Mbona inafanana na kwetu Uvira?"

Wakacheka. Mwingine akaongeza kwamba kuna watu wanaishia Nairobi, wanaona haya kusema. Damu ilinipanda kichwani. Mimi, muuza manto, mbele ya wateja wangu!

"Manto yako iko wapi?" nikamuuliza binti yangu.

"Mama, huku apana baridi. Ngoja kwanza, nilitaka..."

"Apana baridi Amerika! We mutoto, unadanganya mi? Mi ninauza manto! Sema hapa mbele ya hawa wamama, uko wapi?"

"Basi, Mama," akasema, na simu ikakatika.

Niliwaambia mega za intaneti zimemwishia. Hakuna aliyeniamini, na mimi sikujiamini pia.

Jumapili iliyofuata hakupiga. Wala ile iliyofuata. Nilipiga, haikupokelewa. Niliandika "Mutoto wangu, unaendelea aje?", nikaona alama kwamba amesoma, jibu hakuna. Wamama walikuja mara mbili zaidi, kisha wakahamia uani kwa yule mwenye kijana wa barafu. Nilikaa peke yangu na simu mapajani, nimevaa nguo ya Jumapili. Nilikuwa na hasira naye, kisha nilikuwa na hofu. Je, kama kweli yuko Nairobi, analala wapi? Sikuwa na mtu wa kumuuliza.

Siku moja mezani kwangu akaja dada mmoja wa Mutanga Nord, anaruka wiki hiyo na mdogo wake. Akaniomba manto moja tu.

"Ninyi si wawili?" nikamwambia. "Amerika bila manto..."

"Apana, mama. Mi wananipeleka kusini. Mwalimu wa mafunzo ya safari ametuambia huko ni joto. Mudogo wangu ndiye anaenda kaskazini." Akafungua simu yake akanionyesha miji miwili, nchi moja, saa ileile. Mmoja nyuzi ishirini na mbili. Mwingine ishirini na tano chini ya sifuri.

"Na Teksasi?" nikauliza. Ndilo jina alilonitajia binti yangu.

"Si ndiko naenda mi!"

Nilikaa juu ya balo. Nchi hii ndogo tunayoishi, unapanda Bugarama unavaa sweta, unashuka unaivua kabla hujafika sokoni. Hilo nimelijua miaka yote, ndilo linalonilisha. Halafu nchi kubwa kiasi kile nikaipa baridi moja tu, na kwa ajili yake nikamwita mtoto wangu mwongo mbele ya watu.

Nikamtumia binti yangu ujumbe wa sauti. Sikuzungukazunguka. Nilisema: nimekosa, niliogopa kuchekwa, nisamehe. Nilirudia kusema nisamehe mpaka sauti ikaniishia.

Alipiga kesho yake. Bila vidio.

"Sina hasira tena, Mama," akasema. "Lakini siku ile uliniuliza manto, mimba ilikuwa imetoka. Ya miezi mitatu. Sikuwa nimeambia mutu. Bwana yangu alikuwa kazini, nikakupigia wewe."

Kwetu mimba ikitoka, mama mzazi ndiye anayekuja. Anachemsha maji, anamkanda mwanawe tumbo na mgongo, anampikia uji, na kwa wiki nzima hamwachi ashike hata ufagio. Mimi wiki hiyo nilikuwa nimenuna.

"Nani alikukanda?" nikamuuliza.

"Nilikaa chini ya bomba la maji moto."

"Na uji?"

"Nilipika."

"Ulipika mwenyewe?"

"Mi mwenyewe, Mama. Kulikuwa na nani?"