Neno la Siri la Mama Tito

Katika ghorofa lile la Takoma Park, Marekani, jina la Genoveva lilijulikana na benki tu. Wengine wote, Wakenya, Wakongo, hata Mmarekani anayesafisha ngazi, walimwita Mama Tito. Basi alipounganishiwa intaneti, mtandao wake akauita Kwa Mama Tito, na neno la siri akaweka mamatito, asije akalisahau. Na huyu ndiye mtu ambaye kazi yake ni kutunza siri za watu!

Maana alikuwa mkalimani. Alijifungia chumbani mbele ya kompyuta, akiwatafsiria madaktari na wagonjwa wanaozungumza Kiswahili kwa njia ya video. Aliipenda kazi hiyo mno, baada ya miaka mingi ya kuogesha wazee wa watu. Lakini mwezi huo picha ilianza kuganda kila jioni, na mara mbili simu ikakatika daktari akiwa katikati ya maelezo. Ofisi ikamwonya: ikikatika tena, kazi hana. Genoveva akakosa raha kabisa.

Akampigia Elieth, mkalimani mwenzake aliyeishi mji jirani wa Columbia.

"Fungua app ya router, kile kisanduku cha intaneti, uone nani ame-connect," Elieth akamwambia.

Akafungua. Simu yake, simu ya mumewe, kompyuta, na televisheni moja.

"Elieth, sisi hatuna televisheni."

"Password yako ni nini, dada?"

Akaitaja. Elieth akacheka mpaka akakohoa. "Yaani ukisalimiwa tu kwenye ngazi, password imeshatangazwa. Weka ndefu, maneno manne yasiyohusiana. Na ile ya kuingilia kwenye settings, bado ni ya kiwandani? Badilisha nayo. Halafu u-update router yenyewe."

Genoveva akafanya yote, na jina la mtandao akalibadilisha vilevile. Picha ikatulia. Akafurahi, huku akimsema mwizi wake kimoyomoyo.

Kesho yake jioni mlango ukabishwa. Alikuwa Mzee Silvanus wa Kakamega, jirani wa chini aliyefiwa na mkewe, kofia mkononi.

"Mama Tito, asante Mungu uko. Jina lako limepotea kwa TV yangu, nikafikiri mmehama bila kuniaga."

Kumbe mwizi ndiye huyu. Hasira ikampanda Genoveva, ikakosa pa kukaa.

"Mzee, nani alikupa password?"

"Hakuna mtu. TV iliniuliza neno, na jina lako nikaliona hapo juu. Nikaandika vile nakuita kila siku, ikafunguka." Akatabasamu. "Nikajua umenikaribisha."

Genoveva akamvutia kiti. Alimkaribisha chai, akampigia Elieth tena, naye akamwelekeza jinsi ya kufungua mtandao wa wageni, wenye neno lake la siri, usiofikia kompyuta ya kazi na uliowekewa mpaka wa kasi. Mgeni anakaa sebuleni, chumbani haingii. Mzee akashuka na neno lake kwenye kikaratasi.

Muda si muda simu ya kazi ikaita. Alikuwa mama wa Goma, hospitalini, akisubiri majibu ya vipimo vya mwanawe. Chini, mahubiri yalisikika kwenye televisheni ya Mzee. Genoveva akafunga mlango, akatafsiri taratibu, mpaka daktari aliposema mtoto amepona. Picha haikuganda. Akamwona yule mama akifunika uso kwa kitenge, akalia naye.