Picha ya Kitanda cha Kuoshea

Siku ile nilitoka kuosha maiti wa pili ndani ya wiki moja, na mgongo ulikuwa haunisikii. Mwenzangu wa kumimina maji magoti yameshamshinda. Wasichana wa mtaani kila nikiwaita waje wajifunze wanasema wanaogopa, watakuja siku nyengine. Majirani hunitania, muosha huoshwa. Atakayeniosha mimi nani, hawanambii.

Nilipokuwa njiani kurudi nyumbani, mtaa wa Jang'ombe, kijana wa kaka yangu, mchoraji, akanipigia simu: njoo dukani kwangu Mji Mkongwe, Shangazi, unitazamie picha kabla sijaitundika. Nikamwambia nshachoka. Akabembeleza. Basi nikaenda hivyo hivyo, mikono inanuka kafuri.

Picha yenyewe ilikuwa ya kizakiza. Mwanamke amelala juu ya kitanda cha kuoshea maiti, kafunikwa shuka, nyayo tu ziko nje. Chini pana ndoo na kopo. Kuna mgeni, kijana akaniambia, ameitazama sana akasema ni picha ya amani. Amani gani? Mimi niliona kosa, na nikichoka sina subira.

"Nimekueleza kwa mdomo wangu," nikamwambia, maana mwanamume haingii anapooshwa mwanamke, na kila alichokichora pale alikipata kwangu. "Maiti haachwi peke yake. Mmoja anamimina, mmoja anaosha, mwengine anashika shuka asifunuke. Wako wapi waoshaji?"

"Sikuwasahau, Shangazi."

"Basi wachore."

Nikasogea nimwoneshe pa kuwaweka, ndipo nikaziona zile nyayo vizuri. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kimemlalia mwenzake. Changu hicho. Kilivunjika kisimani nilipokuwa msichana, na kikaunga vibaya.

Nikavuta kigoda chake nikakaa. Mtoto wa kike sikujaaliwa. Nimeosha mama yangu, nimeosha dada zangu wote wawili, nimeosha watu nisiowajua hata majina, na kifo chenyewe hakinitishi. Lakini kulala pale nikasubiri mtu wa kunisitiri, hilo naliogopa, na sikuwahi kumwambia mtu.

"Mikono nimeichora mara tatu," akasema, haniangalii usoni. "Kila mara nikaifuta. Sikujua niweke ya nani. Nilitamani kuweka yangu, Shangazi, lakini yangu haijuzu."