Gari Tulilopewa Kufuga

Mume wangu alianza kutafuta gari la kuvuta trela kwa kutazama video za Mzungu mmoja anayeishi jangwani. Kila jioni baada ya kula, badala ya kusahihisha vitabu vya wanafunzi, alikodolea simu macho huku Mzungu akivuta nyumba yenye magurudumu katikati ya mchanga. Mume wangu ni mwalimu mkuu, na hawezi kujua jambo bila kulifundisha. Haikupita muda hata mama anayetuuzia mboga akawa anajua kwa nini injini ya dizeli hupanda mlima na mzigo vizuri kuliko ya petroli.

Shida yenyewe ilikuwa yangu. Ninafuga ng'ombe karibu na Kapkatet, na kinachoniletea riziki si maziwa bali mitamba wenye mimba. Wateja wazuri wako mbali, huko Kitui na Makueni. Zamani nilikuwa nikiwapeleka kwa lori la kukodi, wakisongamana na viazi na makochi ya watu, hadi mtamba wangu mwekundu alipofika Kitui akitetemeka miguu yote minne. Kesho yake mimba ikatoka. Nililia pale kwa mteja bila aibu, kisha nikaapa kwamba mnyama wangu hatapanda tena lori la mtu asiyejua kukanyaga breki taratibu. Fundi mmoja wa Litein akanichomelea trela ya ng'ombe wawili, kuta za mbao, sakafu ya mpira. Kikabaki cha kuivuta.

Kwanza tulijaribu gari dogo la mume wangu, trela ikiwa tupu. Kilima cha kwanza klachi ikaanza kunuka. Kilima cha pili wachumaji wa chai wakaacha vikapu vyao wakaja kutusukuma. Mmoja wao alikuwa mwanafunzi wake wa zamani wa fizikia, akamwamkua kwa heshima zote huku akisukuma.

Basi tukaanza kuzunguka kutafuta gari kuukuu la four-wheel, ambalo magurudumu yote manne yanavuta. La kwanza tulilionea Kericho mjini. Lilikuwa linang'aa, na ndani limepuliziwa marashi hadi macho yakaniwasha.

"Hii ilikuwa ya mama daktari," broka akasema. "Alikuwa anaenda nayo church na kurudi, basi."

Ukiwasikiliza mabroka, hakuna mwanamume aliyewahi kumiliki gari nchini Kenya, na hakuna mwanamke aliyewahi kulipeleka popote ila kanisani. Niliinama nikachungulia chini. Chesisi ilikuwa imechomelewa upya mahali patatu, na kile chuma cha nyuma cha kufungia trela kilikuwa kimelika kwa kazi.

"Na hiyo church," nikamuuliza, "alikuwa anaivuta?"

Mume wangu alikohoa. Alikuwa ameshalipenda lile gari kwa sababu lingependeza kwenye mkutano wa walimu wakuu. Nilimwambia sikuja kutafuta bwana harusi, nilikuja kutafuta wa kunibebea ng'ombe. 

La pili lilikuwa Sigowet, limeegeshwa likitazama bondeni, jiwe limewekwa mbele ya gurudumu. Mume wangu alimhoji muuzaji kuhusu nguvu ya injini kana kwamba ni mtihani wa kitaifa. Mimi niliomba jambo moja tu, gari ligeuzwe litazame juu ndipo liwashwe, bila kusaidiwa na mteremko. Muuzaji akakumbuka ghafla kwamba ana mazishi.

Nilikuwa nimekata tamaa wakati daktari wetu wa ng'ombe alipotuambia habari za mzee mmoja huko Longisa. Alikuwa na gari ambalo kwa miaka mingi lilivuta mashine ya kupukuchua mahindi hadi Narok na Transmara. Sasa macho yake yalikuwa yamefifia, amekatazwa kuendesha, na watoto wake walikuwa wakimhimiza auze.

Tulilikuta chini ya banda la mabati. Lilikuwa la mraba, rangi ya chai yenye maziwa kidogo, halina mapambo yoyote. Nikalala chini chali na leso yangu nikalikagua. Hapakuwa na tone la oili wala mahali palipochomelewa upya, springi za nyuma zilikuwa zimeongezwa, na kile chuma cha trela kilikuwa kimepakwa grisi juzijuzi, na mtu ambaye hata hakuwa na ruhusa ya kuendesha. Mume wangu akaliwasha. Moshi mweusi ulitoka kidogo ukakoma, likatulia likinguruma polepole. Nililipenda papo hapo, nikakaza uso nisionekane, kwa maana muuzaji akikuona umependa umekwisha. Kumbe nilikuwa najisumbua, mzee hakuwa akiuona uso wangu vizuri hata kidogo.

Alikuwa na maswali yake. Nilidhani sisi ndio tutauliza, lakini alituketisha, mke wake akaleta chai, na mtihani ukaanza upande ule mwingine.

"Wewe ni mtoto ya nani?"

Nikamweleza. Wazazi wangu walitoka upande wa Kisii kuja kuchuma majani chai, nikazaliwa kwenye nyumba za kampuni, nikaolewa hapa.

"Umewahi kupoteza ngombe?"

Nilitaka kumjibu kwa ufupi. Lakini nilipomfikia yule mtamba mwekundu sauti ikapanda yenyewe, nikasimulia jinsi dereva alivyocheka nilipomwomba apunguze mwendo, na jinsi nilivyomfukia ndama ambaye hakuwa hata na manyoya. Nilijikuta nimesimama, kikombe kimemwagika. Mzee alikipapasa kile kikombe akakisimamisha. Kisha akasema, "Mimi siuzi hii gari."

Nilipandwa na hasira. Tumechukua mkopo wa sacco, mume wangu amevaa suti, tumekunywa chai ya watu, halafu siuzi?

"Mzee, sasa ulituketisha ya nini?"

Mume wangu alinikanyaga mguu chini ya meza.

"Siuzi," mzee akarudia. "Nitakupatia kimanagan."

Mume wangu akavua kofia. Huyu ni mtu ambaye havui kofia ila wakati wa maombi.

Kimanagan ni desturi ya Wakipsigis ya kuwekeana ng'ombe. Mtu ana ng'ombe, anampeleka kwa rafiki anayemwamini. Rafiki anamlisha na kumtunza, maziwa ni yake, lakini ng'ombe anabaki wa mwenyewe, na ndama pia. Akifa, unampelekea mwenyewe ngozi ili ajue hukumuuza kwa siri. Hayo niliyasikia kwa mama mkwe. Sikuwahi kusikia habari za kimanagan yenye gia.

Mume wangu akamsahau kabisa Mzungu wa jangwani. Wakaanza kupatana na mzee, uso kwa uso, bila hata tabasamu. Malisho ni juu yetu: dizeli, matairi, bima. Maziwa ni yetu, yaani chochote gari litakachotuingizia kwa kubeba.

"Ikikufa unaniletea ngozi," mzee akasema.

"Ngozi yake ni gani?" mume wangu akauliza.

Wakajadiliana. Mlango ulionekana mdogo. Mwishowe wakaafikiana kwamba ngozi ni boneti.

"Na ndama?" nikauliza mimi, kwa kejeli, maana nilikuwa bado nimevimba.

Mzee alicheka hadi akapaliwa. "Ndama ni safari, mama. Mara moja moja unanibeba. Na mtu akiweka ngombe anakuja kuangalia kama amekonda."

Siku ile tuliliacha, nikarudi nyumbani nimenuna. Nilitaka gari lenye jina langu kwenye logbook. Nitatengenezaje mali ya mtu? Nitabadilishaje matairi ya mtu? Nilisema mengi, na mume wangu akaniacha niseme. Tulipofika kwetu akazima gari dogo, akakaa bila kushuka.

"Mama watoto," akasema, "mimi nimezaliwa hapa, na hakuna mtu amewahi kuniwekea hata kuku."

Kesho yake nilikwenda kulichukua mwenyewe.

Safari ya kwanza ilikuwa ya Kitui, mitamba wawili nyuma, na mzee akasema ndama wake wa kwanza amezaliwa. Aliketi mbele na koti zito na kofia. Mume wangu alikaa kiti cha nyuma na ndoo na nyasi. Mzee hakuona barabara ila kwa ukungu, lakini alikuwa akilisikiliza gari kama mtu anayesikiliza mtoto akilala.

"Shusha gia."

Nikashusha.

"Simama kidogo ipumue."

Nikasimama. Tulipumzika Narok ili linywe maji, na kweli akashuka akalipigapiga boneti na kuliambia maneno ambayo sikuyasikia. Mume wangu alipoona hivyo akaanza kutueleza jinsi rejeta inavyofanya kazi.

"Huyu mwalimu," mzee akaninong'oneza, "haina mahali ya kuzima?"

Tulipoanza kupanda ile miinuko mirefu baada ya Mai Mahiu, niliingiwa na hofu. Magari yalikuwa yamekwama kando, boneti zimefunguliwa, watu wanapepea mvuke. Mzee akapapasa akanishika mkono, akauweka kwenye kile kigingi kidogo cha gia ya mizigo. Nikavuta. Gari likaanza kupanda polepole, bila kunung'unika, trela ikifuata nyuma bila kuyumba. Malori yakatupigia honi hadi masikio yakaziba.

"Wacha wapige," mzee akasema. "Hao hawana mimba nyuma."

Mitamba walifika Kitui wakicheua. Nikalia tena kwa mteja yuleyule, na nadhani sasa anaamini watu wa Kericho na Bomet ndivyo tunavyouza ng'ombe.

Tuliporudi kumfikisha mzee kwake, tulikuta gari jipya getini na mwanawe wa kwanza kutoka Nairobi amesimama kando yake. Alikuwa mtu wa adabu. Alitusalimu, akatushukuru kwa kumtembeza baba, kisha akasema amepata mnunuzi, watu wa kubeba watalii, wanayatafuta magari haya ya zamani na pesa iko tayari.

"Kwa hivyo mama, nisaidie na key."

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu na mkono wangu juu yake. Lile gari nililolinunia njia nzima, sasa nilihisi ninanyang'anywa kitu nilichokizaa. Sikuwa na karatasi yoyote. Nikamtazama mume wangu, naye akatazama banda la mabati.

"Iko kimanagan," mzee akasema.

"Iko nini?"

Yule mwana alizaliwa pale lakini alipelekwa shule za bweni mapema, kisha mjini. Mzee akageuza uso kwangu. "Mwambie."

Basi mimi, mtoto wa wachumaji kutoka Kisii, nikasimama uani Longisa nikimweleza Mkipsigis desturi ya babu zake, kwa Kikipsigis changu ambacho mama mkwe husema kinachechemea. Nilimweleza maziwa na malisho. Nilimweleza hata boneti. Alisikiliza hadi mwisho bila kucheka, na kwa hilo namheshimu hadi leo.

"Sawa," akasema taratibu. "Lakini baba, wewe huwezi kuendesha tena. Si afadhali pesa ikusaidie?"

Mzee alitafuta kiti chake kwa mkono, akakaa.

"Ukiuza, nitakaa kwa hii kiti na pesa kwa mfuko, nangoja chai. Ikikaa kwa huyu mama, nitakaa kwa hii kiti, nangoja gari."

Mwanawe akatoa simu, akaenda kando, nikamsikia akimwambia mtu kwamba pole, halipatikani tena.

Mzee aligeukia upande ambao alikuwa ameisikia sauti yangu mara ya mwisho.

"Sasa mama, safari ingine ni lini?"

Sikuwa na mtamba hata mmoja aliyebaki wa kuuza, wala mteja wa kumpelekea.

"Alhamisi," nikasema.