Kidari cha Mwenye Ukelele

Zenon, mkulima wa ulezi wa huku karibu na Kasense, hakuwa mwizi. Akiokota jembe njiani, alilizungusha kijiji kizima hadi mwenyewe apatikane. Lakini mwaka sabini na nne, vijiji viwili vilipohamishwa na kuwekwa pamoja, Zenon aliiba ukelele.

Ulikuwa ukelele wa wawindaji, mlio mrefu unaopanda, ukakatika, ukapanda tena. Hupigwa mlimani mnyama akianguka, na mila ilitaka kidari chake kiende nyumbani kwa aliyeutunga. Zamani kila kijiji kiliwinda kivyake, hakuna aliyeuliza. Sasa kila upande ukadai ni wao, wazee wazima wakanuniana hadi kisimani, ikabidi mwenyekiti aitishe mkutano. Akaulizwa Zenon, maana hakuna aliyeupiga kama yeye.

Jibu alilijua. Ulitungwa na Alfonsi, marehemu rafiki yake wa kile kijiji cha pili, aliyemfundisha wakitega nyavu wawili tu bondeni. Agnesi, mjane wa Alfonsi, alikaa palepale mbele yake. Lakini watu wa upande wa Zenon walikuwa wamemkodolea macho. Akatazama chini.

"Ni wa babu yangu," akasema.

Wakapiga makofi. Agnesi akajifunga kanga yake akaondoka.

Msako wa kwanza wa pamoja, pongo akaanguka mapema asubuhi. Zenon akapiga ukelele, akapewa kidari, akateremka nacho begani. Njia ilipita uani kwa Agnesi. Chungu kilikuwa jikoni, maji yanatokota, ndani hamna kitu kingine.

"Unapika nini, shemeji?"

"Sipiki. Mkono umezoea tu. Alfonsi akiita kule juu, mimi nabandika maji."

Zenon aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Akakishusha kidari juu ya jani la mgomba.

"Hiki ni chako, shemeji."

"Usinipe uani kama mtu anayeficha," Agnesi akasema. "Kaniitie palepale uliponinyima."

Zenon akakibeba tena. Kila mlango aliopita alipongezwa, na kila pongezi ilimchoma. Akamwomba mwenyekiti agonge kengele, akasimama akingoja, inzi wakimzonga begani.

Agnesi alifika wa mwisho. Safari hii Zenon alimtazama usoni, akaanza na jina la Alfonsi.