Mama wa Yule Kijana wa Sinema

Mwanangu, kuna alasiri moja ya kwetu Rumonge, mji wa kando ya ziwa, ambayo bado naiona wazi, na nataka uisikie kabla hujasafiri kwenda masomoni ugenini. Ulikuwa mwaka ule tuliopata Uhuru. Nilikuwa binti mrefu, mwenye maneno mengi, na nilijiona nimeshaijua dunia.

Walimu wetu walileta mashine ya sinema shuleni. Wakaziba madirisha ya darasa kwa mablanketi, wakatundika shuka jeupe ukutani, nasi tukabanana kwenye madawati. Sinema ilikuwa ya Kifaransa. Ilimhusu kijana wa Kitaliano ambaye wazazi wake walihamia Ubelgiji, baba akichimba makaa ya mawe chini ya ardhi. Shuleni kijana yule alichekwa kwa jina lake. Siku moja mama yake alimwita sokoni kwa lugha ya kwao, mbele ya wenzake, naye akapita kana kwamba ameitwa mtu mwingine. Mwishowe alijipa jina la Kifaransa, akapanda treni kwenda mji mkubwa bila kugeuka nyuma. Tulipiga makofi mpaka viganja vikatuwaka.

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kupiga makofi. Sisi ni Waswahili. Babu yangu, fundi seremala, alivuka ziwa kutoka Kongo enzi za Wabelgiji pamoja na bibi yangu Zaina, Mmanyema. Baba alizaliwa Rumonge, nami nikazaliwa Rumonge, lakini miezi ile watu walianza kuulizana nani wa hapa na nani mgeni. Nilikuwa nimepata nafasi ya kusoma Bujumbura, na mpango wangu nilikuwa nimeshaupanga: huko nitaitwa Tereza kama wasichana wengi wa wenyeji, nitasema natoka Muhuta kwao, na Kiswahili nitakiacha nyumbani.

Niliporudi nyumbani jioni ile nikawakuta wanawake uani wakichemsha mawese. Hakuna aliyewahi kuona sinema, basi nikawasimulia, nikiigiza sauti ya kila mtu. Walisahau hata kukoroga. Nilipofika kwenye treni nikanyanyua mikono juu, wakacheka. Bibi Zaina hakucheka.

"Na mama yake?" akauliza.

"Mama yake alibaki, Bibi."

"Najua alibaki. Alisema nini mutoto alipoenda?"

"Sinema haikuonyesha."

"Basi waliotengeneza hiyo sinema hawakumuuliza."

Nilihisi amenigundua, nikajibu kwa ujeuri kidogo: "Bibi, mtu mwenye jina la wenyeji anaishi vizuri zaidi."

Wanawake waliinamisha macho. Bibi akasogeza kuni motoni, akaniambia nikae karibu yake.

"Nilifika hapa sijui neno moja la Kirundi," akasema. "Uchungu wa kumuzaa baba yako ulinishika njiani, natoka kuchota maji. Mwanamuke wa mulimani, hata simujui, akanishika, akanipeleka kwake, akamupokea baba yako. Yeye anasema Kirundi, mimi najibu Kiswahili, na tukaelewana. Sasa ukisema hatukutoka popote, basi hakuna mutu aliyetupokea. Na yule mwanamuke unamufuta."

Bibi hakunikataza kwenda. Siku ya safari alinipa kitenge chake kipya na kuniombea dua, kwisha.

Bujumbura, siku ya kwanza darasani, mwalimu alitaka kila mmoja asimame ajitaje. Lile jina la Tereza lilikuwa mdomoni tayari. Nilisimama, nikamfikiria yule mwanamke wa mlimani ambaye sura yake sikuijua, nikasema: "Naitwa Mwavita. Natoka Rumonge. Babu na bibi yangu walitoka Kongo, na baba yangu alizaliwa nyumbani kwa mwanamke wa Kirundi." Baadhi walicheka. Wakati wa mapumziko msichana mmoja, Yozefina, akanifuata na kuninong'oneza kwamba wazazi wake walikimbia kutoka Rwanda, na alikuwa hajamwambia mtu. Urafiki wetu ulianza hapo, na hakuna aliyeuvunja.

Nisikuache hapo, mwanangu, maana ungedhani kusema wazi kunatosha siku zote.

Mwaka wa 1972 balaa la mauaji lilipotufika ufukweni, nilikuwa nimerudi Rumonge, mke wa mtu, na mtoto mgongoni. Wengi waliuawa, baba yangu akiwemo. Tulikimbia kusini kuelekea Nyanza-Lac, mume wangu akimbeba Bibi Zaina aliyekuwa mzee sana. Njiani watu wenye silaha walitusimamisha, wakauliza sisi ni akina nani. Nilijibu kwa Kirundi kwamba sisi ni wakulima, tunampeleka mgonjwa kwenye matibabu. Sikutaja Kongo, maana siku zile mwenye asili ya huko alishukiwa kuwa mwasi. Sikutaja hata jina langu. Wakatuachilia.

Tulipofika Kigoma kwa mtumbwi nilikaa mchangani nikalia. "Bibi, nimeficha tulikotoka."

"Umeokoa mutoto," akanijibu. "Mimi nilikukataza kuona haya na kwenu. Sikukukataza kuishi."

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwa mama wa nyumba iliyokuwa karibu na ufuko, nikamwambia jina langu, tulikotoka na tuliowaacha nyuma. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatupa chumba. Tulikaa humo mpaka mume wangu alipopata kazi, na Bibi Zaina alifia humo, amezungukwa na watu waliojua jina lake na kwao.

Sasa ni zamu yako kuulizwa unatoka wapi. Wengine watauliza kwa upendo, wengine kwa kukupima. Wote uwajibu kwa sauti ile ile. Jifunze lugha ya huko uiseme vizuri, lakini mama yako akikupigia simu mbele ya wenzako, pokea, uzungumze naye kwa lugha yake, wala usishushe sauti. Ukikutana na aliyeshika silaha, nyamaza uishi, na usijilaumu baadaye. Ila usiite hofu kile ambacho ni haya tu. Hizo ni mbili tofauti, na moyo wako utazijua ukiuuliza kwa kweli.

Mungu akulinde uendako na urudipo, akupe afya, riziki ya halali na majirani wema. Akukuze, mwanangu, hata wa kwenu wakikuona wafurahi. Amina.